Darubini Haionyeshi Kitu: Utatuzi wa Matatizo ya Kutazama Nyota Dodoma Likizo ya Juni

Likizo ya katikati ya mwaka ndiyo msimu wa darubini Kanda ya Kati. Mvua imeshakwisha, hewa ni kavu, na katikati ya Juni ikifika saa 5 usiku kundi la nyota la Nge linakuwa juu kabisa ya anga huku Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota, imekatiza kutoka upande hadi upande. Desemba ni kinyume, mawingu ya mvua yanafungua na kufunga, na usiku mzima unaweza kuambulia nusu saa tu. Kwa hiyo boksi nyingi hufunguliwa Juni, na malalamiko nayo huja Juni.

Darubini mbovu kweli ni chache. Zilizo nyingi zimefungwa kwa kufuata kijitabu kilichoandikiwa mtu wa Ujerumani au Marekani, mwenye Nyota ya Kaskazini juu ya paa lake. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, na hizo nyuzi sita zinabatilisha karibu nusu ya maelekezo. Matatizo yafuatayo yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kimetangulia.

Kabla ya yote: jua

Usielekeze darubini kwenye jua, na usiiache uani mchana penye watoto. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo inaungua bila wewe kusikia chochote. Baadhi ya boksi za bei nafuu bado zina kichujio kidogo cheusi, kimeandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, yaani ile lenzi ndogo ya darubini unayochungulia. Kivunje ukitupe. Kinakaa mahali joto lote linapokusanyika, na kinaweza kupasuka jicho likiwa nyuma yake. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini, hakina tundu wala mkwaruzo, na kimefungwa kisiweze kupeperushwa na upepo. Miwani ya karatasi ya kupatwa kwa jua ni ya macho matupu tu. Ukiivaa kisha ukachungulia jua kwenye darubini, haikukingi hata kidogo. Liweke hilo akilini, maana tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na Tanzania italiona likiwa limemegwa sehemu.

Aliyechungulia jua akaona doa katikati ya anachotazama, au mistari iliyonyooka ikaonekana kupinda, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Matone ya duka la dawa hayatibu hilo.

Dalili: giza tupu kwenye lenzi

*Lenzi ya jicho ina nguvu mno.* Hiki ndicho chanzo namba moja. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo kikubwa hadi taswira inapokusanyika) kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. Darubini ya milimita 700 ikiwa na lenzi ya 20 inakuza mara 35. Ikiwa na lenzi ya 4, mara 175. Ukiongeza Barlow, lenzi ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3 unafika mara 525, na hiyo ndiyo namba iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mwisho wa ukuzaji wenye maana ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 120 kwa darubini ya milimita 60 na 152 kwa ya milimita 76. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Anza na lenzi yenye namba kubwa kuliko zote, na Barlow ibaki kwenye boksi.

*Kilengeo hakioani na darubini.* Kilengeo ni ile darubini ndogo, au ile nukta nyekundu, iliyo ubavuni. Kinarekebishwa mchana, jua likiwa mgongoni:

1. Weka lenzi ya namba kubwa. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi. Ukuta wa jirani ni karibu mno.
2. Weka ncha ya mnara katikati ya lenzi ya jicho, ukaze stendi isisogee.
3. Zungusha skurubu za kilengeo mpaka nukta au msalaba wake ukae kwenye ncha ileile.
4. Badilisha, weka lenzi yenye nguvu zaidi, urudie.
5. Usiku hakikisha tena kwa mwezi au nyota angavu.

Ukiruka hatua hizi, kutafuta sayari kwa lenzi ya mara 100 ni kupoteza usiku. Unachoona pale ni kipande cha anga kisichofika upana wa mwezi mpevu.

*Kifuniko.* Vifuniko vingi vya mbele vina kitundu kidogo chenye kizibo chake. Watu hutoa kizibo, wakaacha kifuniko chenyewe. Toa chote.

*Fokasi iko mbali na mahali pake.* Elekeza kwenye taa ya mbali, zungusha gurudumu la fokasi polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Duara la mwanga litapungua, litakuwa nukta, kisha litapanuka tena. Lisipofika nukta, angalia kiwiko chenye kioo. Darubini ya lenzi inakihitaji, na ya vioo haikihitaji. Ukikifunga kwenye ya vioo, fokasi haifiki.

*Lenzi si ya saizi yake.* Kuna mabomba ya milimita 24.5 na ya 31.7. Ikicheza ndani ya bomba, usiisaidie kwa kuizungushia karatasi. Pima kwa rula.

Bado giza? Toa lenzi ya jicho, ielekeze darubini kwenye ukuta mweupe mchana, uchungulie kwenye bomba tupu. Lazima uone duara la mwanga. Usipoliona, kioo kidogo cha ndani kimegeuka au kimedondoka njiani. Kama kinasikika kikigongana ndani, acha kuitikisa. Ipeleke kwa fundi wa kamera ikiwa imelazwa, kwa sababu kila mgongano unakwaruza kioo kikubwa.

Dalili: unaona, lakini taswira inachemka kama uji

Dodoma chanzo cha kwanza ni joto la mahali ulipoisimamisha. Zege la uani na mabati ya jirani hunyonya jua mchana kutwa, kisha huachia joto hadi usiku sana. Ukitazama juu ya paa la bati saa 2 usiku unatazama kupitia hewa inayopanda. Hamisha stendi kwenye udongo au nyasi, na chagua upande usio na nyumba karibu. Halafu ipe darubini muda. Iliyotoka sebuleni yenye joto kwenda nje inahitaji dakika 30 hadi 45 vioo vipoe, na ya kipenyo cha milimita 150 au zaidi hata saa nzima. Itoe jua linapozama, yaani kama saa 12:30 jioni kwa Juni, na giza kamili litakapoingia baada ya saa na robo hivi itakuwa tayari.

Chanzo cha pili ni ukuzaji mkubwa, na hilo limeshasemwa. Cha tatu ni kutazama kitu kilicho chini sana. Kitu kilicho chini ya nyuzi 20 unakiona kupitia hewa nzito yenye vumbi la kusi na, kuanzia Julai, moshi wa mashamba yanayochomwa. Msalaba wa Kusini kwetu haufiki juu zaidi ya nyuzi 40, kwa hiyo mtazame mapema, saa 2 hadi saa 3 usiku katikati ya Juni, ukiwa umesimama wima.

Cha nne ni vioo kutokuwa kwenye mstari, na hiki ni cha darubini za vioo pekee. Kupima ni rahisi. Chagua nyota angavu iliyo juu, ikuze kama mara 100, kisha toa fokasi kidogo. Utaona duara la mwanga lenye kivuli katikati. Kivuli kikiwa katikati kabisa, vioo viko sawa, usiguse. Kikiwa kimeegemea upande, kamata skurubu tatu za nyuma, legeza zile za kufungia, zungusha moja ya kurekebishia robo mzunguko tu, rudisha nyota katikati ya lenzi, tazama tena. Kivuli kikizidi kwenda pembeni, rudi ulikotoka. Skurubu zote tatu zisilegezwe kwa pamoja, kioo kitacheza. Darubini nyingi ndogo za milimita 76 hazina skurubu hizo kabisa, na hiyo si hitilafu.

Darubini ya lenzi usiifungue mbele. Vioo viwili vya lenzi vimepangwa kiwandani kwa mwelekeo na nafasi maalumu, na ukivitenganisha hata fundi mzuri atahangaika kuvirudisha.

Dalili: stendi ya ikweta haitulii, inagonga miguu, au haifuati nyota

Hapa ndipo kijitabu kinapowapoteza watu wengi. Stendi ya ikweta ina mhimili mmoja unaotakiwa kuelekea kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, ili nyota ifuatwe kwa kuzungusha kitufe kimoja. Kijitabu kinasema: elekeza kwenye Polaris, yaani Nyota ya Kaskazini. Polaris kutoka Dodoma iko chini ya upeo wa macho, usiku na mchana, mwaka mzima. Jioni za Juni kundi la nyota la Dubu Mkubwa linaonekana chini upande wa kaskazini, na nyota zake mbili za kuonyesha njia zinaelekeza ardhini. Ncha yetu ni ya kusini, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, haina nyota angavu, na mara nyingi imefichwa na kilima au vumbi.

*Mhimili umeelekezwa kaskazini, au umeachwa kwenye nyuzi 40 au 50 kama ulivyotoka kiwandani.* Ndicho chanzo cha kawaida. Marekebisho yake:

1. Toa bomba la darubini na uzito wa kusawazisha. Usirekebishe kichwa kikiwa kimebeba mzigo.
2. Legeza skurubu ya nyuma ya kichwa, kaza ya mbele kidogokidogo, au kinyume chake kulingana na muundo, mpaka kipimo cha latitudo kisome 6. Kipimo kikiwa kimefutika, weka simu yenye programu ya kupima mlalo juu ya mhimili.
3. Tafuta kusini halisi. Dira ya simu hudanganywa na bati, nondo na gari. Njia ya uhakika ni kivuli. Simika kijiti wima mahali tambarare, na jua linapofika kilele kivuli chake kitaangukia kusini barabara. Kwa Dodoma kilele hicho si saa 6 kamili. Ni kama saa 6:37 mchana katikati ya Juni, na saa 6:43 katikati ya Julai. Chora mstari ardhini, usiku utaukuta. Desemba kivuli kinaangukia kaskazini, usichanganye.
4. Geuza stendi mhimili ulale juu ya mstari huo ukielekea kusini, kisha rudisha uzito na bomba.

Kwa kutazama kwa jicho, kukosea nyuzi moja au mbili hakuna madhara. Nyota itahama polepole, utairudisha.

*Kichwa hakishuki hadi 6.* Stendi nyingi hukomea nyuzi 15 au 20. Usilazimishe skurubu, uzi wake ni laini na ukishaliwa stendi imekwisha. Ishushe hadi mwisho wake, kisha inamisha stendi nzima kwa kufupisha mguu wa kusini au kurefusha ile miwili ya kaskazini, ukipima kwa simu. Hakikisha uzito wa darubini bado unaangukia ndani ya miguu mitatu. Kama haiwezekani bila kuyumba, acha. Njia ya pili ni kuutumia mhimili ukiwa umesimama wima nyuzi 90, kwa stendi zinazoruhusu, na darubini itakwenda juu-chini na kulia-kushoto kama stendi ya kawaida. Kwa latitudo yetu hilo si kasoro hata kidogo. Anayenunua leo kwa matumizi ya Dodoma, Singida au Kondoa, afadhali achukue stendi ya kawaida ya sanduku la mbao linalozunguka kuliko ya ikweta ya bei nafuu.

*Fimbo ya uzito inagonga mguu.* Mhimili ukilala karibu mlalo, fimbo huning'inia sawa na mguu. Geuza miguu, au hamisha kile kipini kidogo cha juu ya stendi, ili fimbo ishuke katikati ya miguu miwili.

*Mota inakimbiza nyota badala ya kuifuata.* Swichi ya N/S iko kwenye N. Weka S.

Dalili: darubini ya kompyuta inaelekea kwingine kabisa

Angalia saa kwanza. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa 2:15 usiku yetu ni 20:15. Ukiandika 02:15 umekosea saa 18, na ukichagua 2:15 PM umekosea saa sita, yaani nyuzi 90 za anga. Pili, tarehe. Kompyuta nyingi hutaka mwezi kwanza, ndipo siku. Ukiingiza Julai 6 ikasomeka Juni 7, umepoteza takriban saa mbili za anga. Tatu, mahali: latitudo 6°10' S, longitudo 35°45' E, ukanda wa saa +3, na saa za majira ya joto (Daylight Saving) jibu ni hapana. Herufi N badala ya S inaleta kosa la zaidi ya nyuzi 12.

Vyote vikiwa sawa na bado inakosea, tatizo ni nyota ulizochagua kuilinganishia. Saa 3 usiku katikati ya Juni, Spica iko karibu kabisa na utosi, na mota nyingi hukosea hapo. Chagua Arcturus iliyo kaskazini, halafu Antares mashariki au Rigil Kent kusini. Wengi huchanganya Rigil Kent na jirani yake Hadar. Zote mbili ziko mashariki mwa Msalaba, na Rigil Kent ndiyo iliyo mbali zaidi nao na angavu zaidi.

Dalili: taswira inatetemeka, au kitu kinatoroka

Kutoroka ni kawaida. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa ukuzaji wa mara 175 sayari hupita kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika moja hivi. Punguza ukuzaji.

Kutetemeka ni kosa la stendi. Punguza urefu wa miguu, kaza kila boliti, tandaza trei ya katikati, kisha ning'iniza dumu la maji la lita 5 chini ya kichwa. Upepo wa kusi huvuma sana alasiri na mara nyingi hutulia usiku ukiingia. Usipotulia, ukuta wa upande wa kusini-mashariki unasaidia kuliko mkono wa mtu.

Ukitazama Nge akiwa utosini, bomba refu la lenzi litagonga miguu na shingo yako itauma. Mtafute mapema, saa 3, akiwa bado anapanda upande wa kusini-mashariki.

Dalili: nyota ni chache

Mara nyingi ni mwezi. Siku tano hivi kabla na baada ya mwezi mpevu, Njia Nyeupe hufifia popote ulipo. Panga safari kuzunguka mwezi mwandamo. Kinachofuata ni macho: yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani, na skrini moja ya WhatsApp inarudisha hesabu mwanzo. Funika tochi kwa plastiki nyekundu.

Kisha taa za mji. Tangu serikali ihamie, mwanga wa Dodoma umetanuka, na Mtumba umeongeza wake upande wa mashariki. Vitu bora vya Juni viko nusu ya kusini ya anga, kwa hiyo kaa kusini mwa mji ili mwanga uwe nyuma yako. Upande wa Mvumi unafaa kwa sababu hiyo. Hombolo ni kuzuri, ila mji unabaki kusini-magharibi, palepale Msalaba unapoelekea kuzama, na bwawani kuna mbu.

Mahali popote mtakapokwenda, mwambieni mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla jua halijazama. Bomba refu juu ya miguu mitatu gizani linaweza kueleweka vibaya. Msisimamishe darubini karibu na Ikulu ya Chamwino, kambi au uwanja wa ndege, na tochi ya leza ya kijani isielekezwe kamwe kwenye ndege. Vaeni viatu vilivyofunika mguu. Nge wa ardhini naye hutoka usiku. Akimdunga mtoto, nendeni kituo cha afya bila kusubiri.

Dalili: si kama picha ya kwenye boksi

Rangi zile ni za kamera iliyokusanya mwanga kwa dakika au saa nyingi. Jicho linaona nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi angani, kuwa kijivu, na hakuna marekebisho ya hilo. Zohali kwenye darubini ya milimita 70 ni kidogo, lakini pete zinatosha kutambulika kwa ukuzaji wa mara 50 na kuendelea. Aliyeitazama mwaka 2025 akaona mstari mwembamba hakuwa na darubini mbovu, maana Machi mwaka ule Dunia ilipita usawa wa pete, na tangu hapo zinafunguka polepole. Zaidi ya hayo, kwa miaka hii Zohali mwezi Juni huchomoza usiku wa manane au baadaye. Anayeitafuta saa 2 usiku anatafuta kisichokuwepo.

Vitu vinavyoridhisha kwa darubini ndogo, hata ya kushika mkononi: kundi la nyota la M7 karibu na mwiba wa Nge, na kundi la Omega Centauri, lililo ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa kaskazini mwa Hadar. Tumia lenzi yenye namba kubwa. Omega Centauri litaonekana kama pamba, na ukilitazama kwa pembe ya jicho chembe zinaanza kujitokeza ukingoni.

Dalili: vumbi, madoa na alama za vidole

Vumbi jepesi haliharibu taswira. Anayesugua ndiye anayeharibu. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga, na kitambaa cha fulana kinaligeuza kuwa msasa. Pulizia kwanza kwa kile kibomba cha mpira cha kuvutia kamasi za mtoto, kipya, kisha brashi laini sana. Alama ya kidole kwenye lenzi ya jicho ifutwe kwa pamba yenye tone la spiriti safi ya isopropili, bila kukandamiza.

Kioo kikubwa kioshwe mara chache mno, labda baada ya miaka kadhaa. Kitoe pamoja na kishikio chake, kimwagie maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisikaushwe kwa kitambaa. Maji yenye chumvi ya visima vya huku yakikauka yanaacha madoa meupe, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Soma lebo vizuri dukani. Ukipewa tindikali ya betri badala yake, kioo kimekwisha na mikono yako pia. Mng'ao ukiwa umeanza kubanduka vipande, kuosha hakusaidii. Kioo kinahitaji kupakwa upya au kubadilishwa.

Dalili: kompyuta inajizima, au mota inalia bila kusogea

Betri ndogo nane za AA huchoka katika usiku mmoja wa baridi. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 inatosha saa tatu hivi kwa mota inayokula ampea 1, na ikishuka volti 12.2 bila mzigo, acha kuitumia, kaichaji kwanza. Kabla ya kuchomeka waya uliotengeneza mwenyewe, pima kwa mita: stendi nyingi hutaka chanya katikati ya plagi, lakini soma alama iliyo kando ya tundu. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa chanya.

Kuna kosa moja linaloua stendi nyingi vijijini: kuunganisha paneli ya sola moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 hadi 22 ikiwa haina mzigo. Ipite kwenye kidhibiti chaji, ichaji betri, na betri ndiyo ilishe darubini.

Mota ikilia bila kusogea, angalia kama klachi imekazwa na kama bomba limesawazishwa. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa. Na ukisikia harufu ya kuungua, chomoa betri kwanza, usijaribu kuwasha tena kuona kama itapona. Hapo ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye mita, tena umpelekee na adapta uliyokuwa ukitumia.